Mchwa wa Ng'ambo

Mnyamwezi akifa, Mzaramo hupata kazi. Ndivyo ilivyo Tabora tangu enzi za misafara, wapagazi wa huku walipokuwa wakishuka pwani na meno ya ndovu na kuzikana njiani na watu wa kule, mpaka matusi yakageuka undugu. Mtani halii msibani. Mtani huvaa kanzu ya marehemu, huigiza alivyokuwa akikohoa, hunyakua sufuria jikoni na kudai ikombolewe, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Ni dawa chungu, lakini imewavusha wengi siku ambayo bila kicheko wangeanguka.

Majidi, fundi baiskeli wa mtaa wa Ng'ambo, alikuwa bingwa wa dawa hiyo. Babu yake alikuja na reli kutoka Kisarawe akasahau kurudi. Yeye mwenyewe Uzaramo hakuwahi kuuona hata kwa picha, ila utani aliurithi mzimamzima. Kwa hiyo Jumatano ile alipofariki Idrisa, Mnyamwezi wake, rafiki yake wa miaka thelathini ambaye vibanda vyao vilitenganishwa na bati moja, Majidi hakulia. Aliingia kwenye kibanda cha marehemu, akavaa miwani yake yenye mkono mmoja, akaanza kazi.

Idrisa alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Misahafu ya misikiti na juzuu za madrasa ndizo zilizompa riziki, lakini kilichompa jina ni vitabu vya watoto. Vilimjia kwa magunia kutoka shule zilizofunga maktaba zao na nyumba za wageni waliohama, vya Kizungu vingi na vya Kiswahili vichache, vyote vya majoka, farasi wenye mbawa na wachawi waliolala miaka mia. Karibu vyote vilifika vilema. Mchwa wa Tabora hawachagui lugha.

Idrisa alikuwa na desturi yake. Ukurasa ukikosekana, aliuandika mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa kulala kidogo, kisha akaushona mahali pake kama aliyepewa ruhusa. Watoto wa Ng'ambo wakakua wakijua miisho ambayo waandishi wenyewe wangeisikia wangeshika vichwa. Joka la nchi ya theluji liliishia kulinda mizinga ya nyuki Goweko. Malkia mchawi hakuuawa kwa upanga. Alizungushwa mtaa mzima kuwaamkia wazee, shikamoo moja moja, mpaka kiburi kikamtoka. Majidi alikuwa akiyasikia hayo kupitia bati, akiziba pancha, na kumpigia kelele mwenzake kwamba ni mwongo wa kulipwa. Idrisa alijibu kwamba hakuna anayemlipa.

Siku ya mazishi, basi, Majidi aliangaza macho kwenye meza ya kazi akitafuta cha kunyakua. Akaona furushi limefungwa kwa kitambaa cheupe cha bafta. Ndani mlikuwa na kitabu, hilo alilijua kwa mkono, lakini kwake vitabu vya Idrisa vyote vilikuwa kimoja. Akakikwapua, akatoka nje kwenye majamvi ya wanaume.

"Enyi Wanyamwezi, wabeba mizigo ya watu! Jogoo mmoja tu, la sivyo fundi wenu anaondoka na kazi ambayo hajaimaliza!"

Watu wakacheka. Jogoo hakutoka. Zamda, mke wa marehemu, alikuwa chumbani na wanawake wenzake na hakusikia lolote. Jeneza likainuliwa, na Majidi akaenda nalo makaburini, furushi kwapani, akidai jogoo njia nzima. Hata Idrisa alipokwisha kulazwa, mbao zikawekwa na jamvi likatandikwa juu yake, Majidi alikuwa bado anadai. Hakuna aliyempa. Basi akaruka ndani ya kaburi, akalisukumia furushi pembeni juu ya mbao, chini ya jamvi.

"Haya, kasome huko, mtani. Utupumzishe na majoka yako!"

Kicheko kikawashika mpaka waliokuwa wanalia. Sheikh Mfaume mwenyewe alificha mdomo kwenye kilemba. Kisha udongo ukaporomoka, na Majidi akaona watu wanarudi mjini wakiwa na nyuso nyepesi kidogo kuliko walivyokuja. Jioni, peke yake kibandani, aligonga lile bati mara mbili kwa mazoea. Hakuna aliyejibu, na hapo ndipo alipolia.

Siku ya nne alipitia nyumbani kwa marehemu kujua hali. Kibandani kwa Idrisa alimkuta Shamila, binti yake wa miaka kumi, amekaa katikati ya vitabu vilivyopinduliwa, mikono imejaa vumbi hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mke wangu. Unahamia Dar?"

Kwa kawaida angemjibu, maana mdomo alikuwa nao kumshinda hata baba yake. Siku hiyo hakujibu utani.

"Natafuta kitabu cha baba. Kilikuwa mezani hapa, kimefungwa na bafta. Hujakiona?"

Majidi alishika ukingo wa meza.

"Kitabu gani hicho?"

"Kile cha msichana ambaye baba yake aliingia kwenye mlango wa mti."

Shamila akamweleza, na Majidi akajuta kila neno aliloambiwa. Kitabu kilifika kimeliwa theluthi nzima ya mwisho. Idrisa akakiendeleza. Akamtwisha yule baba wa kitabuni mzigo wa mpagazi, akampitisha njia ya misafara, na walipopiga kambi karibu na Goweko, mlango ukafunguka kwenye shina la mninga na yule baba akaingia. Bintiye akabaki nje, mkono juu ya gome. Kila jioni Idrisa aliandika kidogo na kumsomea Shamila. Halafu figo zikamlaza. Alivimba miguu, akavimba mikono, akaenda hospitali akarudishwa nyumbani, na kila mtu mwenye macho alijua amerudishwa kufanya nini.

"Nikamuuliza, 'Baba, yule baba atarudi?'" Shamila alisema akitazama vidole vyake. "Akasema, 'Jibu nimeliandika kwenye sura ya mwisho. Limebaki kujalidiwa tu. Utasoma mwenyewe.' Hiyo ilikuwa Jumatatu."

Kutoka nyuma ya pazia la mlango wa uani ikaja sauti ya Zamda, aliyekuwa katika eda asiweze kutoka. "Mtani Majidi, hebu nisaidie kumbembeleza mtoto huyu. Tangu juzi hajala. Anasema hatakula mpaka asome."

Majidi alifungua kinywa. Alijua la kusema lilikuwa moja tu, na lilikuwa fupi. Alichosema ni kwamba amesahau tairi la mtu kwenye jua, akatoka. Mtu mzima na mvi zake, mbio.

Siku mbili zilizofuata hakufunga hata nati moja. Mwisho wa Oktoba mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Urambo, na kila mtu Tabora alikuwa anaomba mvua ije. Majidi peke yake alikuwa anaomba isije. Idrisa alizoea kusema adui wa kitabu ni watatu, maji, mchwa na mtu asiyerudisha, na Majidi alipohesabu aliona amekikabidhi kwa wote. Alikwenda makaburini adhuhuri, akachutama kwenye tuta. Vijia vya mchwa, vya udongo mbichi, vilikuwa vimeshaanza kupanda ubavuni. Akavivunja kimoja kimoja kwa kidole akiwatukana mchwa kwa Kizaramo, lugha ambayo alijua matusi yake tu. Alipomaliza upande mmoja alijua anafanya upuuzi, kwa kuwa kazi yao ilikuwa chini. Akaweka paji la uso kwenye udongo.

"Mtani," alisema, "nimekuua mara ya pili."

Kutoka hapo alikwenda kwa Sheikh Mfaume, akamwambia yote bila kupamba. Sheikh alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kaburi si kabati, Majidi, ukisahau kitu ufungue."

"Najua, sheikh."

"Lakini wanavyuoni wamesema, mali ya mtu ikizikwa kwa makosa na mwenyewe akaidai, hufukuliwa. Kitabu hicho ni mali ya nani?"

"Ya Idrisa."

"Idrisa hana mali tena. Alimwandikia nani?"

Majidi hakuitaka njia ambayo maneno yale yalikuwa yanamwelekeza. "Shamila," alisema.

"Basi ni mali ya yatima. Aidai yeye, kwa kinywa chake, akijua iko wapi na nani aliiweka. Bila hivyo sigusi jembe."

Alirudi Ng'ambo kwa miguu akiikokota baiskeli. Shamila alikuwa mlangoni mwa kibanda, midomo imemkauka, uso umekuwa mdogo. Majidi akapiga magoti kwenye vumbi ili macho yalingane, akasema. Hakuwahi kusema kitu cha kweli kirefu namna ile maishani mwake, na hakikuwa na mahali pa kuchekesha.

Mtoto hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Juu ya mbao au chini?" aliuliza.

"Juu. Chini ya jamvi."

"Bafta lilikuwa limefungwa?"

"Sikulifungua."

"Gundi ya baba ni ya unga. Mchwa wanaipenda." Akameza mate. "Siku sita. Wanaanza na gundi, halafu wanaingia katikati."

"Sheikh anasema ukidai, tutafukua. Mpaka udai wewe."

Pazia likatikisika. "Hapana!" Zamda alisema kwa sauti iliyopasuka. "Majidi, huna haya? Hajamaliza wiki huko chini! Watu watasema nini, kwamba mke wa Idrisa amemfukua mumewe kwa ajili ya karatasi?"

"Mama, si karatasi."

"Ni nini basi? Hadithi! Baba yako kafa, Shamila! Hicho ndicho kilichoandikwa, unataka jibu gani jingine?"

Akakisikia alichosema, akaangua kilio nyuma ya pazia. Majidi alibaki magotini asijue atazame wapi. Shamila alisimama, akaenda hadi kwenye lile pazia, akaweka kiganja juu ya kitambaa, na mkono wa mama yake ukaja upande wa pili.

"Ninadai," mtoto alisema. "Nilimuuliza yeye, mama. Sikumuuliza mtu mwingine."

Radi ikanguruma mbali. Zamda akasema, taratibu kama aliyekata tamaa ya kila kitu, "Nendeni kabla ya mvua."

Walikuwa watatu, sheikh, Majidi, na Ngassa mchimba makaburi, aliyekubali kwa sharti kwamba asiulizwe na mtu. Ilikuwa baada ya alasiri, na mbingu yote ya magharibi ilikuwa nyeusi. Ngassa alipochimba hadi usawa wa kiuno alipanda juu akamwachia Majidi, naye akaendelea kwa mikono mitupu, udongo ukimjaa kwenye kucha, akimwomba radhi Idrisa kila tonge alilolichota. Mchwa walikuwa wamejaa. Jamvi lilikuwa limetoboka upande mzima. Akaingiza mkono pembeni, akapapasa, akashika bafta.

Kona moja ya kitambaa ilikuwa imekwisha, na ngozi ya mbuzi ya jalada ilikuwa imetafunwa kidogo. Akalifungua furushi palepale ndani ya kaburi. Kurasa zilikuwa nzima. Za Kizungu nzima, za Idrisa nzima, mwandiko wa kulala kidogo mstari baada ya mstari.

"Kipo!" alipiga kelele. "Sheikh, kipo! Hawakukifikia!"

Akaketi kwenye udongo akacheka huku analia, na kwa mara ya kwanza katika siku sita akavuta pumzi ikafika chini. Kisha akataka kuiona ile sura kwa macho yake, ahakikishe tu, maana safari hii hakutaka tena kuchukulia kwamba kitabu kimoja cha Idrisa ni sawa na kingine. Akafunua hadi mwisho.

*Sura ya Mwisho*, iliandikwa juu ya ukurasa. Chini yake: *Shamila mwanangu, uliniuliza kama yule baba atarudi. Jibu ni hili:*

Hapo mwandiko ukakoma.

Majidi alifunua ukurasa uliofuata. Ulikuwa mweupe. Uliofuata mweupe. Karatasi nane, zimekatwa sawasawa, zimeshonwa kwa uzi uliotiwa nta kama alivyoshona kila kitu, na hakukuwa na nukta. Akazirudia moja moja kutoka nyuma kuja mbele akidhani labda zimeshikana. Akaikumbuka mikono ya Idrisa ya wiki ile ya mwisho, ilivyovimba hadi kalamu ikawa inamdondoka, na yeye akisikia kupitia bati ikigonga meza, ikiokotwa, ikigonga tena. Asubuhi moja alimpigia kelele. Alimwuliza kama amekuwa mpiga ngoma.

Sheikh Mfaume alikuwa ameinama ukingoni, amesoma pia.

"Alhamdulillahi," alisema polepole. "Umetoka lawamani, Majidi. Hukupoteza kitu, maana hakikuwepo. Mpelekee mtoto kitabu chake, akione. Huna kosa tena."

Tone la kwanza likaanguka juu ya ukurasa mweupe. Majidi akalifuta kwa kanzu.

Ni kweli, alikuwa ametoka. Angeweza kukipeleka kama kilivyo, akaipata heshima yake tena, akaitwa mtani, akagongewa bati na mtu mwingine siku moja. Na mtoto angefunua karatasi nane nyeupe. Angejua kwamba Jumatatu ile baba yake alimtazama machoni akamwambia jambo ambalo si kweli, kwa kuwa jibu hakuwa nalo, au alikuwa nalo na hakuweza. Angezifunua karatasi hizo nane maisha yake yote.

Akazishika kwa pamoja na kuzichana kutoka kwenye uzi.

"Unafanya nini?"

Majidi alirudi kwenye ukurasa wenye maandishi, akaukata kwa kucha chini kabisa ya ule mstari wa mwisho, si kwa unyoofu, bali kwa kumegamega, meno madogo madogo. Akachota udongo mbichi kutoka kwenye kijia cha mchwa, akaupaka kwenye ukingo ule na kwenye mshono uliobaki wazi. Alifanya kazi polepole. Miaka thelathini alikuwa amemwona Idrisa akitibu majeraha ya namna hiyo, na alijua yanavyofanana.

"Majidi, huo ni uongo."

"Ni utani, sheikh."

"Ni uongo, na utaubeba wewe."

"Basi uandikwe wangu."

Sheikh alimtazama, kisha akanyoosha mgongo akageukia mawingu. "Mimi macho yangu mabovu," alisema. "Nimeona matope tu."

Majidi alizikunja zile karatasi nane, akainua jamvi, akazisukumia pembeni juu ya mbao, pale pale pa mwanzo.

"Haya, mtani," alisema. "Malizia huko."

Wakafukia, na mvua ikawakuta wanapiga tuta.

Shamila alikuwa amesimama mlangoni, maji ya mapaa yakimwagika mbele yake. Alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akakifungua akiwa amesimama, kutoka nyuma. Majidi alimwona akisoma. Alimwona akikifikia kile kipande cha mwisho, akakigusa kwa kidole pale kilipoishia, akakinusa kile kidole.

"Mchwa," alisema.

"Mchwa. Wamekula yote iliyofuata. Ilikuwa karatasi nane."

"Zilikuwa zimeandikwa?"

Majidi alimtazama machoni kama alivyofanya Idrisa Jumatatu ile.

"Niliona weusi wa wino kwenye vipande. Ziliandikwa mpaka chini. Hakuna neno nililoweza kulisoma."

Mtoto alifunga kitabu. Uso wake ulikunjamana polepole, na kilio kilipotoka kilikuwa cha siku zote sita, mpaka Zamda akaita kutoka ndani. Majidi akanyoosha mkono. Shamila akarudi nyuma.

"Baba alinijibu," alisema. "Alinijibu, na wewe ukawapa mchwa. Usije tena kwetu."

Mtani hafukuzwi. Hakuna Mnyamwezi aliyewahi kumfukuza Mzaramo tangu siku za misafara, na Majidi angeweza kumwambia hivyo, na hata wazee wa mtaa wangemuunga mkono. Alisema, "Sawa, bibie," akaondoka kwenye mvua. Nyuma yake alisikia Zamda akimwambia mtoto ale, na baada ya muda kijiko kikagusa bakuli.

Arobaini ilipofika alikaa kibandani kwake akaisikiliza dua kupitia bati. Baada ya hapo watoto walianza kurudi upande wa pili kusoma, na Shamila ndiye aliyekuwa akiwasomea. Kitabu cha mlango wa mninga walikidai kila wiki, na kila alipofika kwenye kile kipande alisema lile lile, kwa sauti ya mtu anayejivuna kwa huzuni yake.

"Baba alikimaliza. Karatasi nane, mpaka chini. Aliandika kama yule baba anarudi au harudi, na kwa nini. Ila yupo mtu aliwapa mchwa."

Ng'ambo haikosi jina la kumpa mtu. Watoto walianza, wakafuata vijana wa bodaboda, na haukupita mwezi hata wateja wake wakawa wanamwita hivyo wakileta magurudumu yao. Yeye aliyekuwa akimtania kila mtu hakumrudishia hata mmoja.

"Mchwa!" mtoto mmoja alimpigia kelele alasiri moja kutoka upande wa pili wa bati, na wenzake wakaangua kicheko, na katikati ya kicheko hicho, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba, Majidi alisikia cha Shamila.

Akaiweka chini spana.

"Naam," akaitika. "Nipo."